Nyasi Zilizohajiri na Kurejea

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akaiacha pale Githurai na kuelekea mashariki mpaka Mwihoko, hataona mbuga. Ataona ghorofa za mawe ya kuchonga, maduka ya vifaa vya ujenzi, matangi meusi ya maji juu ya mapaa, na ploti za futi 50 kwa 100 ambazo wenyewe bado hawajapata fedha za kuzijenga. Na katika baadhi ya ploti hizo, baina ya msingi uliochimbwa ukaachwa na rundo la kokoto lililoota magugu, ataona majani yamepandwa kwa mistari iliyonyooka kama safu za waumini msikitini. Majani hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa nimetambua, baada ya kuyapita miaka mingi bila ya kuyatazama, kwamba tarehe yake ni ndefu kuliko tarehe ya mji wenyewe, na kwamba kazi yaifanyayo chini ya ardhi, mahali ambapo jicho halifiki, ni nzito kuliko ile inayoonekana juu.

Jirani yangu, mama wa makamo afugaye ng'ombe wawili wa maziwa katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake, amekodi ploti ya namna hiyo kwa mtu aliye ng'ambo. Huyu mama humwita mwalimu kila mtu avaaye miwani, na kwa hivyo mimi nami ni mwalimu wake, ingawa sikupata kufundisha hata siku moja. Siku niliyosimama kuyauliza majani yake jina, aliniambia kwa fahari ya mtu aliyenunua kitu cha ghali: "Mwalimu, hii si nyasi ya hapa. Hii ni brakaria. Mbegu yake imetoka Brazil, na bei yake usiniulize." Nilipomwambia kwamba babu za nyasi zile walikuwa wa hapa hapa Afrika ya Mashariki, alicheka akanitazama kama atazamwavyo mtu aliyekula chumvi nyingi akaanza kusahau. "Kama ni ya hapa," akasema, "mbona nimeinunua kwa gramu kama dhahabu?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami nalipa jibu lake refu.

Brakaria ni kabila kubwa la nyasi, na aghalabu ya zile zinazolishwa mifugo duniani asili yake ni bara hili letu. Mwaka 1930 mbegu za aina moja zilitolewa Uganda, katika nyanda za Maziwa Makuu, zikapelekwa Australia. Huko zikatunzwa, zikateuliwa, zikapewa jina la Basilisk, na baada ya miongo kadhaa zikavuka bahari nyingine hadi Brazil, zikatandazwa juu ya savana ile pana waiitayo Cerrado. Aina ya pili, ruzizi, inalibeba hata leo jina la bonde la mto Ruzizi, ule uunganishao ziwa Kivu na Tanganyika, ambako wenyeji waliikanyaga kwa karne nyingi bila ya kujua kwamba siku moja itakuwa bidhaa. Kisha katika mwaka 1984 na 1985 wataalamu wa kituo cha kilimo cha nchi za joto kilichoko Cali, Kolombia, wakishirikiana na wenzao waliokuwa Ethiopia, walizunguka Ethiopia, Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zimbabwe wakikusanya mamia ya sampuli za brakaria pembezoni mwa barabara na katika malisho, wakazichukua Amerika ya Kusini. Kutokana na kazi ya kuzioza aina hizo, iliyoanza Cali mwaka 1988, ilizaliwa nyasi ya chotara iliyoitwa Mulato, ambayo maana yake ni hiyo hiyo chotara, ikaanza kuuzwa Meksiko mwaka 2000.

Ndipo zikarejea. Mwaka 2012, kwa fedha za Sweden, wanasayansi wa maabara za elimu ya uhai zilizoko katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, pamoja na wenzao wa taasisi ya kilimo ya Kenya ambayo sasa ni KALRO, walianza kuzijaribu brakaria za Amerika katika mashamba ya Kenya na Rwanda. Ilikuwa kama kisa cha kijana aliyeondoka kijijini peku akarudi na sanduku, kofia na lafudhi ngeni, hata mamake mzazi akamwamkia kwa Kiingereza.

Wala si brakaria peke yake iliyosafiri. Majani marefu ambayo Watanzania huyaita mabingobingo, na ambayo Mwihoko yote huyaita nepia, yamepewa jina la Kanali Napier wa Bulawayo, aliyewahimiza watu wa kilimo wa Rhodesia, mwanzoni mwa karne ya 20, wayajaribu kuwa chakula cha ng'ombe. Ilhali mmea wenyewe ni mwana wa Afrika tangu hapo. Boma Rhodes, nyasi ya marobota ambayo kila mfugaji wa Kiambu huiota ndotoni wakati wa kiangazi, ni nyasi ya Afrika iliyopewa jina la mkoloni. Na nyasi laini inayotambaa katika viwanja vya mpira kuanzia Durban mpaka Sydney huitwa, katika lugha za huko, kwa jina la Wakikuyu, kwa sababu ilichukuliwa kutoka nyanda hizi za juu. Haya nayapita upesi, muradi wangu usipotee njiani: nyasi tuziitazo za kigeni aghalabu si ngeni kwa damu. Zilihajiri zikarejea, na mgeni katika shauri hili ni namna tunavyozipanda.

Hapa sharti nieleze mbuga ilivyokuwa. Nchi iliyo baina ya Ruiru, Juja na mto Athi ni mahali ambapo nchi mbili hukutana. Kwa upande wa magharibi, kunakopanda kuelekea Limuru na milima ya Nyandarua, udongo ni mwekundu, mwepesi kupitisha maji, mzito kwa chuma na alumini, na una tabia ya uchachu; huo ndio udongo wa kahawa. Kwa upande wa mashariki nchi hutandawaa, na udongo huwa mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua hata mtu aweza kuutumbukiza mkono wote katika ufa. Mafundi wa ujenzi huuita bleki koton na kuulaani, kwa kuwa huinua nyumba na kuishusha kama jahazi. Huu mweusi hauna uchachu mwingi, una chokaa ya kutosha, na hushika virutubisho kwa mkono wa chuma. Katika nchi hiyo ya mashariki, alipokuwa Mmarekani McMillan na shamba lake la Juja, na Theodore Roosevelt akaja kuwa mgeni wake mwaka 1909 na bunduki zake, palikuwa pametawala nyasi nyekundu ya savana, ile ambayo ikikomaa hupepea rangi ya shaba, na juu yake wakichunga Wamasai, na pundamilia na kongoni wakila bila ya kuulizwa kodi.

Nyasi za asili za savana zilikuwa masikini wenye busara. Nitrojeni, ambayo ndiyo roho ya protini na kwa hivyo roho ya maziwa, ni haba katika udongo wa mbuga, na nyasi zilizokaa humo karne kwa karne zilijifunza kuitunza kama bahili atunzavyo mshumaa: kiangazi kikikaribia huivuta kutoka katika jani kuirudisha mzizini, na jani linaloachwa kwa moto na mchwa ni ganda tupu. Ithibati iliyo wazi kuliko zote ilipatikana si kwetu bali Lamto, katika savana ya Kodivaa. Huko walionekana wana wa nyasi ya aina moja wakiishi mahali pawili jirani, wengine katika udongo ambao nitreti hutengenezwa kwa wingi, wengine katika udongo ambao nitreti karibu haitengenezwi kabisa. Watafiti wakafanya jambo jepesi ambalo natamani ningelibuni mimi: waling'oa mashina ya huku wakayapanda kule, na ya kule wakayapanda huku, wakangoja. Udongo ukaifuata nyasi. Palipopandwa nyasi bahili, nitreti ilipungua. Palipopandwa nyasi karimu, iliongezeka. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba si ardhi tu inayoamua nyasi gani imee, bali nyasi nayo huiamrisha ardhi.

Namna inavyoiamrisha yafaa kuelezwa, na msomaji asiyependa kemia anivumilie kwa aya mbili tatu. Samadi na majani yakioza, nitrojeni yake hutoka kwanza kwa sura ya amonia iliyojitwalia chembe ya haidrojeni kutoka katika maji, ambayo ina chaji chanya. Na kwa kuwa chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, mfinyanzi huikumbatia, nayo haiendi mbali. Kisha huja vijidudu vya udongo, ambavyo riziki yao ni kuiunguza amonia hiyo mpaka igeuke nitreti; na nitreti, kwa kuwa ina chaji hasi kama mfinyanzi wenyewe, hukataliwa na kila mlango. Mvua ikinyesha huteremka nayo mpaka kisimani na mtoni, au, udongo ukijaa maji hata ukakosa hewa, vijidudu vingine huigeuza gesi, na sehemu ya gesi hiyo ni oksidi ya nitrasi, ambayo kwa uzito ulio sawa hulipasha joto anga kadiri ya mara 270 kupita hewa ya ukaa. Basi amonia ni mali iliyo sandukuni, na nitreti ni mali iliyo mfukoni mwa mlevi.

Mwaka 2009 wanasayansi wa kituo cha kimataifa cha kilimo cha Japani, pamoja na wale wa Cali, walitangaza kwamba mizizi ya aina moja ya brakaria, humidikola, hutoa dawa ya asili ambayo huvilaza vijidudu vya nitreti visifanye kazi. Dawa hiyo wakaiita brakialaktoni. Hivyo nyasi hiyo huziba tundu la mtungi kwa mkono wake mwenyewe. Tabia hii si sawa katika brakaria zote: humidikola ndiyo yenye nguvu zaidi, nyingine zina kidogo, na Mulato i kati na kati, kwa hivyo muuza mbegu atakayemwahidi jirani yangu kwamba kila pakiti yenye neno brakaria italinda nitrojeni ya ploti yake, amezidisha. Fauka ya hayo, humidikola hustahimili udongo uliojaa maji, ilhali nyingine zilizo tamu zaidi kwa ng'ombe huoza mizizi; na mtu aliyewahi kukanyaga matope ya Mwihoko mwezi wa Aprili hahitaji kufasiriwa maana ya jambo hilo.

Habari iliyoushangaza ulimwengu zaidi ilitoka katika savana za Kolombia, zile waziitazo Llanos. Mwaka 1994 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliochimba mashimo marefu chini ya nyasi za Afrika zilizopandwa huko, wakakuta mizizi imeshuka kwa kina ambacho nyasi za asili za pale hazikufika, na pamoja nayo imeshuka kaboni nyingi, ikazikwa chini kabisa ambako jembe na moto havifiki. Watu walifurahi, na haikosi walikuwa na haki. Wakasema nyasi hizi zitaisafisha anga ya dunia. Lakini ilidhihiri katika malisho mengi ya Brazil kwamba nyasi ile iliyopandwa mara moja na kulishwa bila ya kurudishiwa kitu hudhoofika: fosforasi, ambayo katika udongo mwekundu hufungwa na chuma na alumini kama mfungwa wa maisha, haikutosha, nitrojeni ikajificha ndani ya mabaki ya mizizi, ng'ombe wakaongezwa, nyasi ikapungua, na hekta kwa mamilioni zikabaki na vichuguu vya mchwa na udongo uliochakaa. Brakaria huvumilia uchachu na sumu ya alumini kuliko mazao mengi, na uvumilivu huo ndio uliowadanganya wenyewe, maana mtu asiyelalamika hudhaniwa kuwa ameshiba.

Nako Australia ya kaskazini mambo yalikwenda kombo kwa njia nyingine. Huko ilipelekwa mwaka 1931 nyasi ya savana za Afrika iitwayo gamba, ambayo huota mpaka urefu wa meta 4, ikapandwa kwa wingi katika miaka ya 1980 na baadaye. Nayo pia imeonekana kuzuia nitreti na kupenda amonia, hata ikajitajirisha katika udongo ambao miti na nyasi za pale huuona masikini; kisha kiangazi hukauka ikasimama kama bohari ya kuni, na moto wake umepimwa ukawa mkali hata mara 8 kupita moto wa nyasi za asili. Moto huo huitupa hewani nitrojeni iliyokusanywa juu ya ardhi, na huiua miti, na mahali pa miti huota gamba nyingine. Mwaka 2008 serikali ya jimbo la kaskazini iliitangaza kuwa gugu. Nyasi ni nyingine, tabia ya kemia ni ile ile. Kwa Mjapani ni baraka na kwa Mwaustralia ni balaa, na ikhtilafu yao haimo katika kemia bali katika kinywa kinachoila nyasi. Afrika ina nyati, tembo na nyumbu waliokua pamoja na gamba. Australia haikuwa nao.

Sisi hatukukosa somo kama hilo. Mti wa mathenge uliletwa kutoka Amerika ukapandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uwape watu kuni, kivuli na maganda ya kulisha mbuzi. Ni wa jamii ya kunde, na mizizi yake huingiza nitrojeni ya hewani katika udongo. Ukipima udongo chini yake utaukuta umenona. Hata hivyo walioishi nao walimchukua mbuzi aliyepoteza meno kwa utamu wa maganda yake wakampeleka mahakamani Nairobi awe shahidi. Udongo ulionona si lazima uwe malisho yaliyonona, na huu ni mfano ninaoukumbuka kila nisomapo tangazo la mmea unaorutubisha ardhi. Mimea mingine ya kunde iliyoletwa kwa malisho imekuwa na adabu zaidi, mathalani desmodi, ambayo kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita, ufukoni mwa ziwa Viktoria, kimeitumia kulisha ng'ombe, kuulisha udongo nitrojeni na kuliua gugu la kiduha kwa wakati mmoja. Lakini hata kunde zina gharama yake: pale zinapotoa nitrojeni zaidi ya ile inayotumiwa, nitreti huteremka na maji ikachukua chokaa pamoja nayo, na udongo huzidi uchachu, kama ilivyoonekana katika malisho ya kunde iitwayo stailo huko Australia.

Na hapa kwetu, katika nchi kavu, imepimwa nini? Huko Katumani katika Machakos na Ithookwe katika Kitui, KALRO walizipanda brakaria mbalimbali kando ya Boma Rhodes na nepia, wakapima mizizi yake, kaboni ya udongo, na uhai wa vijidudu. Chini ya nyasi udongo ulikuwa hai kuliko udongo uliolala mtupu, jambo ambalo mkulima yeyote mzee angelilikisia, ila kulikisia si kulipima. Ni mwanzo mwema, lakini ni mwanzo wa shamba la utafiti, lenye ua, lebo na mlinzi, na ambalo majani yake hayakupakiwa katika pikapu ya mtu.

Maana, kwa rai yangu, hapo ndipo penye fundo la shauri hili lote, na ndipo Mwihoko inapoachana na Kolombia. Katika Llanos ng'ombe hula nyasi mahali ilipoota na kunya hapo hapo. Hesabu ya udongo hufungwa usiku ule ule. Katika Mwihoko ng'ombe hatoki bandani. Majani hukatwa kwenye ploti, hufungwa, hubebwa kwa mkokoteni. Yakikosekana hununuliwa marobota yaliyotoka Juja, Naivasha, Nakuru, au mbali zaidi, na kila robota ni kipande cha udongo wa mtu mwingine kilichovikwa kamba. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme robota lina kilo 15, na nyasi yake ina protini sehemu 8 katika 100; hiyo ni protini kilo 1 na gramu 200. Protini ina nitrojeni kadiri ya sehemu 16 katika 100, yaani gramu zipatazo 190. Mtu auzaye marobota 100 ameuza basi nitrojeni kilo 19, wakati mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kilo 13 tu. Ameutia katika lori mfuko mmoja na nusu wa mbolea, na katika risiti hakuandikiwa, na potasiamu iliyoondoka pamoja nayo huenda ikawa nyingi zaidi, kwa kuwa majani hupenda potasiamu kupita kiasi anachohitaji ng'ombe.

Nyasi bora zaidi huongeza kasi ya safari hiyo. Nyasi nyekundu ya kale, iliyo bahili, ikikatwa haimpotezei mwenye shamba kitu kikubwa, maana hakuna kitu kikubwa ndani yake. Brakaria na nepia, ambazo huota upesi, hukatwa kila baada ya majuma kadhaa, na zina kina cha mizizi cha kupekua mpaka chini, ni pampu zilizo bora kuliko kamba na ndoo. Na pampu bora huukausha upesi kisima ambacho hakirudishiwi maji. Wazee wa Kiambu wanalijua hili kwa nepia: walioipanda katika miaka ya 1980 watakuambia jinsi ilivyokuwa refu kuliko mtu aliyepanda juu ya farasi, na jinsi ilivyofifia. Wengine hulaumu ugonjwa wa ukungu mweusi ulioingia katika miaka ya 1990, nao kweli uliingia, lakini mmea wenye njaa haukuwa na nguvu ya kupigana nao.

Wachungaji wa kale walikuwa na njia yao ya kuufunga mzunguko huu, ingawa hawakukusudia. Ng'ombe walikula mbugani mchana kutwa wakalala bomani usiku, na usiku ndipo walipoiacha samadi. Kwa hivyo boma lilikuwa benki ambayo mbuga yote iliweka amana ndani yake. Watafiti waliochimba katika maboma ya kale ya Narok, wakachapisha kazi yao mwaka 2018, walikuta kwamba mahali walipolala ng'ombe wa wachungaji baina ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita pangali na fosforasi, chokaa na nitrojeni kupita ardhi ya jirani, na pangali panameta kijani mvua zikinyesha, na nyumbu na swala huenda kula hapo kwanza. Miaka 3,000 na zaidi, na udongo haujasahau ng'ombe waliolala juu yake! Sijui kama kuna amana katika mji wowote wa Afrika ya Mashariki iliyotunzwa kwa uaminifu namna hiyo.

Mwihoko nayo imekuwa boma kubwa. Vijiji na mashamba ya mbali huiletea nyasi, nayo huikusanya samadi. Lakini kwa kuwa ni boma la ploti na saruji, samadi haina pa kulala. Jirani yangu huirundika kando ya ukuta mpaka majirani wanung'unike, kisha huja kijana na pikapu akainunua kwa gunia, akaipeleka kwa wapanda mboga au wapanda kahawa. Nilipomweleza hesabu yangu ya robota alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini basi asirudishe gunia moja moja kwenye ploti ya brakaria badala ya kuyauza yote. Nikamwambia kwamba hilo ndilo, na kwamba alirudishe kabla ya mvua, alifukie, asiliache juu likapigwa na jua, maana amonia hupaa. Akatikisa kichwa. "Na mkojo je, mwalimu?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo kwake, na lilikuwa bora kuliko yote niliyouliza mimi. Maana fosforasi ya ng'ombe hutoka katika mavi, lakini potasiamu yake karibu yote, na nitrojeni kadiri ya nusu au zaidi, hutoka katika mkojo. Na mkojo wa ng'ombe wake, kama wa banda lolote la mtaa wetu, hukimbia juu ya sakafu ya saruji, ukapita katika tundu la ukutani, ukaingia mtaroni. Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha. Palikuwa na mfereji mwembamba wa kahawia, na ukingoni mwake, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda chochote, nyasi imeota nene, ya kijani iliyokoza hata kukaribia weusi, kuliko hata ile ya ploti iliyonunuliwa mbegu kwa gramu. Nyasi hiyo huchukua kilichomwagwa na banda kwa hatua kumi au kumi na tano. Kilichobaki hushuka na mtaro mpaka kijitoni, na vijito vya pande hizi huingia Athi, na Athi ikipita Tsavo huitwa Galana, na Galana ikikaribia pwani huitwa Sabaki, ambayo humwaga maji yake kaskazini ya Malindi, na katika miezi ya mvua wavuvi wa huko huyaona maji ya bahari yamegeuka rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali na ufuo.

Yule mama ametafuta ndoo ya rangi iliyokwisha, akaitega chini ya tundu la ukuta. Hujaa kabla ya alasiri.